Mwarobaini: usiniulize unatibu nini, niulize sehemu gani ya mti

(Haya niliyaongea jumamosi kwenye mkutano wa kikoba chetu hapa Tanga. Akina mama wakataka niandike ili wawatumie watoto wao kwenye simu, nimeandika kama ilivyotoka mdomoni, msinisahihishe sana.)

Asalaam alaykum jamani, bwana asifiwe, wazee wangu shikamooni. Mwenyekiti alinipigia wiki iliyopita akaniambia njoo utuongelee dawa za asili, nikamwambia mama dawa za asili ni bahari hiyo, nipe moja, akacheka akasema basi mwarobaini si ndo tunaukalia chini yake kila mkutano. Kwa hiyo leo tunausema huku kivuli chake tunakula.

Nianze na mchezo. Mwarobaini maana yake dawa ya magonjwa arobaini, si ndio? Haya nitajieni hayo arobaini, mimi nahesabu kwa vidole.

(Hapo wakaanza: malaria, sukari, presha, minyoo, upele, mba, jino, vidonda vya tumbo, ngiri, chango, mafua, tetekuwanga, kisonono... ilipofika ya kumi na nne mtu akarudia malaria.)

Mmeona sasa, kumi na nne tumeishiwa pumzi. Na sio nyie tu, hakuna mtu aliyewahi kukaa akayahesabu yakafika arobaini, ile arobaini ni namna ya kusema mti huu una mambo mengi. Shida ni kwamba sisi tumeichukua kama orodha, kila ugonjwa ukija tunauingiza humo, na dawa yenyewe ni moja tu, chuma majani chemsha sufuria nzima kunywa glasi asubuhi na jioni. Leo nataka niwaambie kwao huu mti, yaani India, wanautumiaje, maana nimeishi huko.

Mimi ufamasia nimesomea India, mji wa Pune, jimbo la Maharashtra, miaka minne. Nilikua nimepanga kwa bibi mmoja wa Kihindi, tukimwita Aji, ndo bibi kwa Kimarathi. Mwarobaini wao wanauita kadulimb, kwa Kihindi ni nim, na kwenye Kisanskriti cha vitabu vya zamani ni nimba. Kwao ni huko India na Myanmar, sio kwetu, huku umehamia tu kama walivyohamia wengi na ukapapenda, ndo mana unaota hadi kwenye mchanga wa pwani mahali ambapo hata mhogo unanung'unika.

Sasa mwaka mpya wao wa Maharashtra unaitwa Gudi Padwa, unaangukia mwezi wa tatu au wa nne. Asubuhi wanasimamisha mlingoti mrefu nje ya nyumba, juu wanafunga kitambaa kizuri, majani ya mwembe na majani ya mwarobaini, alafu wanafunikiza chungu cha shaba au fedha kichwani. Kabla hujala chochote unapewa majani machanga ya mwarobaini yamepondwa na sukari guru. Aji akaniletea kwenye kijiko, nikajua pipi. Jamani! Nilikunja uso mpaka masikio. Yeye anacheka anasema ndo mwaka ulivyo huo, uchungu na utamu. Kule kusini kidogo, Karnataka na Andhra, siku hiyo hiyo wanaiita Ugadi, wao wanatumia maua ya mwarobaini, wanachanganya na ukwaju, embe bichi, sukari guru, pilipili na chumvi, ladha sita kwenye bakuli moja. Nimeonja, kwa kweli ya Andhra ina unafuu.

Lakini kitu kilichonifundisha sio sikukuu. Mwaka wa pili tumbo lilinisumbua, nikamwambia Aji naenda kuchuma majani nichemshe kama tunavyofanya nyumbani. Akanikatalia katakata. Akaniambia wewe mwembamba, huli vizuri, hulali, huo mti haukufai, utakukausha. Mimi nikaona bibi ana roho mbaya, majani yenyewe ya barabarani! Baadae nikaja kuelewa. Kwenye Ayurveda, ndo tiba yao ya jadi, mwarobaini unahesabiwa kitu kichungu na cha baridi, unapoza joto na kukausha utelezi, kwa hiyo mtu mwenye vipele vya joto, jasho, ngozi inayochuruzika unamfaa, ila mtu mkavu aliyekonda wanamzuia au wanampa kidogo sana kwa siku chache. Sasa wewe unaweza usiamini hayo mambo ya joto na baridi, mimi mwenyewe mfamasia siyaamini yote, lakini angalia akili iliyomo: kabla ya kutoa dawa wanamwangalia mtu. Na hawa matabibu wao, vaidya, sio watu wa kukaa stendi na kipaza sauti, wanasoma chuo miaka mitano na nusu ndo wanapewa cheti.

Na kitabu chao kikubwa cha zamani, Charaka, kimepanga mitishamba kwa mafungu ya kumi kumi, kila fungu na kazi yake. Mnajua nimba kimeiweka fungu gani? Dawa za kuwashwa. Muwasho wa ngozi! Sio malaria, sio presha, sio ngiri.

Basi tuanze na hapo kwenye ngozi maana ndo mti huu una nguvu yake kweli. Mwaka 1992 ilichapishwa kazi moja kutoka kusini mwa India, watu 814 wenye upele, ule upele wenyewe wa kuambukizana unaowasha usiku, wakapakwa majani ya mwarobaini yaliyopondwa na manjano, asilimia 97 wakapona ndani ya siku 3 hadi 15. Namba nzuri sana hiyo, ila mimi kama mtu wa dawa naomba niseme kabisa kwamba hapakua na kundi lingine la kulinganisha nalo, kwa hiyo hatujui wangapi wangepona kwa dawa ya kawaida ya kupaka au kwa kufua mashuka tu. Lakini kwa kitu cha kupaka nje, kinachopatikana bure uani, kwa mtu mzima, mimi sikukatazi. Ponda majani mabichi, weka manjano, paka, kaa, oga. Ila mtibiwe nyumba nzima kwa wakati mmoja na mfue mashuka na nguo siku hiyo hiyo muanike juani, la sivyo upele utakua unazunguka tu, leo kwa mtoto kesho kwa baba.

Mba na chawa pia, maji ya majani yaliyopoa unaoshea kichwa. Hapo sina maneno mengi.

Alafu meno. Nani hapa bado anatumia mswaki wa mti? Naona bibi zangu wawili tu, vijana wote mmehamia dukani. Kule India kijiti cha mwarobaini wanakiita datun, asubuhi vijijini unakuta mzee kasimama barabarani anatafuna, anatema, anasalimia watu, anatafuna. Na hii imepimwa, maji ya kusukutua yenye mwarobaini yameonekana kupunguza utando kwenye meno na kuvimba kwa fizi, tafiti ndogo ndogo lakini zinaelekea upande mmoja. Kijiti kiwe kibichi, unene wa kidole kidogo, tafuna ncha mpaka iwe brashi, pole pole usichubue fizi, na mate usimeze. Jino likishatoboka hapo mwarobaini umechelewa, nenda uzibe.

Sasa tuje kwenye lile mlilolitaja mara mbili. Malaria.

Nitaongea taratibu maana najua nitaudhi mtu. Ndani ya mwarobaini kuna kemikali, gedunini mojawapo, ambazo maabara zikikutana na kijidudu cha malaria zinamsumbua kweli. Kwenye chombo cha kioo. Lakini kutoka kwenye kioo mpaka kwenye damu ya mtoto wako ni safari ndefu, na mpaka leo hakuna mtu aliyeonyesha kwamba glasi ya majani yaliyochemshwa inaondoa malaria kwa binadamu. Kinachotokea ni kwamba homa ya malaria yenyewe inapanda na kushuka, ukinywa mwarobaini ikashuka unasema umenisaidia, kesho kutwa inapanda tena. Mimi mwenyewe utotoni nimenyweshwa, mama alikua ananibana pua, na kuna mwaka nilinyweshwa siku nne mfululizo mpaka nikaanza kuongea peke yangu ndo nikabebwa kwa baiskeli kwenda hospitali. Mama alinipenda, hakuna mtu anayenipenda kama yeye, lakini zile siku nne ningeweza kufa. Siku hizi kipimo cha damu kinatoa majibu robo saa na dawa mseto ipo. Homa pima kwanza. Ukishameza mseto ukataka na mwarobaini wako wa kuogea kwa sababu unakupa raha, oga.

Kwenye mbu ni habari nyingine, pale mti unafanya kazi. Mafuta yake ukichanganya na mafuta ya nazi ukapaka miguuni jioni mbu wanakukwepa kwa masaa kadhaa, harufu yake ni kama vitunguu vilivyooza na karanga, hata mume atakukwepa, ila chandarua usikitoe.

Na hapa kwenye mafuta naomba simu tuziweke chini jamani. Yale mafuta yanakamuliwa kwenye mbegu, na mbegu sio jani. Watu wanadhani mti ni mmoja basi kila kipande ni sawa. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini na wazazi wao, dawa ya kienyeji ya mafua na kikohozi, kiasi kidogo tu, wakaanza kutapika, wakalegea, wakapata degedege, ini na ubongo vikaharibika. Wazazi walikua na nia njema kama mama yangu na ile glasi. Kwa hiyo mtoto mdogo asinyweshwe mafuta ya mwarobaini hata tone, hata kama jirani anakwambia yeye alimpa wake na hakufa. Na mtu mzima pia sioni sababu ya kuyanywa, yapake tu.

Mjamzito usinywe, sio mafuta, sio majani. Anayetafuta mtoto, mke au mume, asinywe pia. Mnashangaa nini? India wenyewe walishaufanyia kazi mti huu kama uzazi wa mpango, kulikua na profesa Talwar pale Delhi kwenye taasisi yao ya kinga, wakatengeneza dawa ya mama kuweka ukeni yenye mwarobaini ndani yake kwa sababu unaua mbegu za kiume. Sasa wewe miaka mitatu unahangaika kutafuta mtoto, kila mwezi unalia, na kila asubuhi unakunywa mwarobaini wa kusafisha kizazi. Unasafisha kweli hicho!

(Hapo palikua na kelele, nikasubiri.)

Sukari. Kweli unashusha, hilo halina ubishi sana, na ndo hatari yenyewe ilipo. Nilikua na mzee mmoja mteja wangu, alikua anameza glibenklamaidi, dawa ya sukari aliyoandikiwa, mtu akamshauri aongezee mwarobaini, hakuniambia mimi wala daktari wake. Akaja siku moja famasi ananunua panado tu, anatoka jasho, mikono inatetemeka, anaongea maneno hayaungani, nikadhani kiharusi. Tukampima sukari 2.4, imeshuka mno. Tukampa soda haraka akarudi duniani, anauliza nimefikaje hapa. Ingekua usiku amelala asingeuliza. Sasa simwambii mwenye sukari asiguse mwarobaini milele, namwambia amwambie anayempa dawa, waangalie vipimo pamoja. Tabu ni kwamba hospitali nako ukisema unatumia mitishamba kuna wahudumu wanakufokea mpaka unatamani kuingia chini ya meza, kwa hiyo watu wanaficha. Wenzangu wa afya mkisoma hii, acheni kufokea watu.

Haya tuje kwenye kazi ninayoipenda mimi, shambani, maana akina mama wengi hapa mna bustani. Mwaka 1959 kulikua na mtaalamu wa wadudu Mjerumani, Heinrich Schmutterer, yuko Sudan, wakavamiwa na nzige. Nzige walipoondoka akaona kila kitu kimeliwa, isipokua miti ya mwarobaini imesimama na majani yake. Nzige walikua wanatua, wanaonja, wanaondoka! Ndo ikaanza safari ya kutafuta ndani kuna nini, na kilichopatikana kwenye mbegu ni kitu kinaitwa azadiraktini. Hakiui mdudu papo hapo kama dawa za dukani, kinamkatisha hamu ya kula, na funza akitaka kujivua ngozi ili akue anashindwa. Kwa hiyo usipulize leo ukaenda kesho kuhesabu maiti ukasema mfamasia muongo, utawaona wapo, wanazubaa, hawali.

Unafanya hivi. Tunda likiiva likaanguka okota, toa nyama, osha, anika mbegu kivulini mpaka zikauke zisiote ukungu. Ganda la nje litoe, kiini twanga. Gramu 500 za kiini kilichotwangwa kwa lita 10 za maji, loweka usiku kucha, asubuhi chuja kwa kitambaa, weka sabuni ya maji kidogo ili ishike kwenye jani. Puliza jioni, sio saa sita mchana, jua linaiharibu haraka. Na usitengeneze ukaweka ndoo nzima wiki mbili, tumia ikiwa mpya. Mchicha, bamia, nyanya, hata mahindi wakiingia viwavijeshi wangali wadogo, unalenga kule katikati ya mhindi majani machanga yanapochomoza. Wale wanaohifadhi kunde na mahindi ndani, majani makavu yaliyotwangwa ukichanganya yanasaidia kupunguza bungua, chekecha na uoshe kabla ya kupika tu, maana uchungu wake haukubali kufichwa hata kwa nazi.

Na msidhani wazungu hawajui thamani yake. Wizara ya kilimo ya Marekani pamoja na kampuni ya W. R. Grace walipewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kule Ulaya mwaka 1994, kwamba njia ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua kuvu kwenye mimea ni uvumbuzi wao. Wao! Wakati wakulima wa India wanafanya toka enzi. Vandana Shiva, mwanaharakati wa India, na wenzake wakapeleka pingamizi, mfanyabiashara mmoja wa India akaja kuonyesha kwamba yeye alishafanya kazi hiyo kabla, mwaka 2000 hataza ikafutwa, wakakata rufaa, 2005 wakashindwa tena. Miaka kumi ya kesi kwa kitu ambacho Aji angewaambia kwa kijiko kimoja cha sukari guru. Na mliokwenda hija, ile miti mliyojifichia jua pale Arafa, elfu hamsini inasemwa, mnaikumbuka? Ni hii hii.

Kitu cha mwisho kabla ya maswali. Kuna mti ndugu yake, wengine wanauita mmelia, unafanana nao sana na watu wanaufanya mwarobaini. Maua yake yana zambarau, mwarobaini maua meupe. Angalia kikonyo cha jani pia: mwarobaini vijani vimepangwa pande mbili kwenye kikonyo kimoja basi, yule mwingine kikonyo kinatoa vitawi na vitawi ndo vinabeba vijani. Matunda yake ni sumu, watoto wasichezee. Usichume majani usiku kwa tochi ya simu.

Maswali. Ndio bi mkubwa, pale mbele.

(Bi mkubwa akauliza: na mjukuu wangu mwenye tetekuwanga, tunavyomlaza kwenye majani, nako umekataza?)

Hapana bibi, hapo sijakataza. Huko India nyumba yenye tetekuwanga wanatundika tawi la mwarobaini mlangoni, toka enzi za ndui, wanaye mungu wao wa kike Sitala wa maradhi hayo, basi anayepita anajua humu kuna mgonjwa asiingie, yaani ni karantini kabla ya neno karantini. Na mtoto akiwashwa wanampitishia kitawi laini badala ya kujikuna na kucha. Fanya hivyo hivyo. Maji ya majani yawe ya uvuguvugu wa kupoa, mkate kucha, mvalishe nguo nyepesi, asiende shule mpaka vipele vyote vikauke magamba. Homa mpe parasetamo, aspirini usimpe kabisa, inaweza kumharibu ini na ubongo. Na akianza kulegea, au anapumua kwa shida, au vipele vinatoa usaha, hapo bibi muache mwarobaini umpeleke.

Kuna mwingine? Yule kaka nyuma, wewe ulitaja kisonono, njoo tuongee pembeni.